Marehemu Atapiga Simu Wiketi Ikianguka

Mpendwa Shangazi Verediana, nakuandikia nikiwa ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini maana nyumbani siwezi, nisaidie kabla Alhamisi haijafika. Mimi ni Mkenya wa hapa Brooklyn Park, Marekani, nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya asubuhi, na ugonjwa wangu ni kriketi, ile ndefu ya Test inayochezwa siku tano, ambayo niliambukizwa na mjomba wangu Jairus aliyekuwa akitunza uwanja wa klabu moja Nairobi, na hadi leo, yeye akiwa Kiambu na miaka yake sabini na tisa na mimi nikiwa huku, tunatazama pamoja, na kila wiketi ikianguka, yaani mpigaji akitolewa, ananipigia video tushangilie au tulaumiane.

Sasa Alhamisi Afrika Kusini, ambao ndio timu yetu, wanaanza Test ugenini Uingereza, kwa saa za huku ni kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka mchana, na wapigaji wetu wawili wa kwanza hutolewa mapema mpira ukiwa bado mpya. Niliomba likizo nikanyimwa, nikaomba tena nikanyimwa, mara ya tatu nikasikia mdomo wangu unamwambia msimamizi kwamba mjomba wangu amefariki. Nikapewa siku zote tano papo hapo.

Sikumwona Wambui wa zamu ya usiku, ambaye alikuwa bado hajaondoka, yuko nyuma yangu anakunja mashuka. Nilipofika nyumbani mke wangu Mumbi alikuwa ameshapigiwa simu na Wambui, analia, maana anampenda sana mjomba, nami Shangazi badala ya kusema ukweli nikamkumbatia, nikamwambia asipige simu Kiambu kwanza kwa sababu familia haijatangaza. Kesho yake kazini Wambui naye akaniambia, "Pole sana, my brother. Sisi wa night tukitoka job tunakuja straight kwako, prayers kila morning hadi Monday. Chapo ni za mwenzetu Nkirote." Yaani saa mbili asubuhi akina mama kumi na wawili watakuwa kwenye sebule ile ile yenye TV, wanamwombea marehemu, na marehemu atakuwa anapiga simu kila wiketi ikianguka, uso wake umejaa kwenye skrini.

Swali langu ni hili: nimwambie mjomba intaneti yangu imeharibika, au nihamishie TV chumbani? Pia uwaombee wale wapigaji wawili.

Mfiwa, Brooklyn Park

Wewe unayejiita mfiwa,

Nimecheka mpaka chai ikamwagika, kisha nikakasirika, kwa hiyo nivumilie. Umemuua mtu mzima kwa ajili ya mchezo unaoweza kuchezwa siku tano na asipatikane mshindi! Na ukamwacha mkeo analia. Hapo sikucheka hata kidogo.

Pole kwa kunyimwa likizo. Najua kuinua wazee kunavyovunja mgongo, na mtu anahitaji kitu chake cha kumfurahisha. Lakini unaniuliza TV ikae wapi? Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia sebuleni kwako mwenyewe.

Leo, kabla hujavua viatu, mwambie Mumbi. Atawaka, mwache awake, na usithubutu kumwambia atulie. Kisha mpigie Wambui, si kutuma meseji, kabla Nkirote hajakanda unga. Akina mama hao hukesha wakigeuza wagonjwa, na walikuwa tayari kuja kukufariji kabla hata ya kwenda kulala. Kesho mwambie msimamizi ulidanganya, rudisha siku zake, na ukipewa onyo lipokee kwa mikono miwili. Alhamisi nenda kazini. Jumamosi badilishana zamu na mwenzako kama watu wengine wanavyofanya, utazame siku ya tatu kihalali. Wapigaji wako siwaombei, wafanye mazoezi.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza. Iko siku simu kutoka Kiambu itakuwa ya kweli. Siku hiyo utawataka akina mama hao sebuleni, na chapati zao, na utataka wakuamini bila kukuuliza mara mbili. Usiimalize imani yao sasa kwa ajili ya mpira.

Na mjomba mwenyewe mweleze ulichomfanyia. Huenda akakutukana, huenda akacheka kunishinda mimi, hilo ni lake. Mpigie angali anapokea.

Shangazi Verediana