Gari la Kuvuta Mashine

Lumemo, Ifakara
Septemba 1994

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua Anjela ndiye anayekusomea, basi nawe dada yangu msomee mama taratibu, na ukifika mahali nilipotaja mguu usipunguze sauti. Nimepona. Plasta imetolewa, natembea bila fimbo, nachechemea kidogo tu jioni nikichoka. Kifua chako kinaendeleaje, mama? Baridi ya huko milimani imepungua? Huku mpunga umeshavunwa na kila nyumba inanukia wali mpya. Nakula vizuri kuliko unavyodhani.

Mnakumbuka niliwaambia kwamba gari la akina mama walioniajiri lilikufa injini. Mashine yao ya kukoboa mpunga ikabaki juu ya tela lake uani kwa Mama Kalista, mwenyekiti wao, kuku wanalala chini yake. Kazi yetu ni kuizungusha mashine vijijini, leo Kiberege, kesho ng'ambo ya mto, na bila gari la kulivuta lile tela hakuna kazi. Msimu ulikuwa unapita hivi hivi tunauona.

Bahati nzuri mwenye duka mmoja mjini alikuwa anauza magari mawili ya mtumba, yote ya dizeli, yote mazima. Ukiyatazama ni mapacha. Tofauti ilikuwa gia tu. Moja ni la gia za mkono, lile ambalo kila ukibadilisha gia unakanyaga klachi kwa mguu wa kushoto. La pili ni otomatiki, linabadilisha lenyewe, mguu wa kushoto unakaa tu kama mgeni. Na mguu wangu ulioangukiwa na chuma cha tela wakati wa masika, mama, ndio huo wa kushoto.

Mama Kalista alinijia asubuhi, akakaa kwenye kigoda. "Elisha mwanangu, dereva ni wewe. Tuambie tuchukue lipi. Na mguu wako tunaujua."

Nikaelewa. Walikuwa wameshazungumza wenyewe kwa wenyewe kwamba wanunue otomatiki ili nisikose kazi. Nilifurahi, sikufichi. Usiku mwingi nilikuwa nawaza nitakula nini nikishindwa kukanyaga klachi.

Mwenye duka akakubali tuyajaribu yote mawili pamoja na tela letu. Tukaenda Kivukoni, kwa sababu pale ndipo penye kazi: ukishuka kwenye pantoni, kile kivuko cha kuvusha magari, lazima upande ukingo wa mto, udongo wenyewe unateleza, na watu wanatembea nyuma yako na mizigo yao. Tulikwenda na fundi Rajabu, anayetutengenezea magari siku zote, na Tekla, yule dada anayeendesha mashine yenyewe ya kukoboa.

Otomatiki lilitangulia. Mama, lile gari lilipanda ule ukingo kwa upole, kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Tela halikurudi nyuma hata kidogo. Moyoni nikasema, hili ni langu. Lakini tulipoingia kwenye ile njia ya mchanga na matope, tukaenda mwendo wa pole muda mrefu, nikaanza kusikia harufu ya kuungua. Rajabu akanisimamisha, akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akanusa.

"Oili ya giaboksi imechemka," akasema.

"Ikipoa si tunaendelea?"

"Leo tutaendelea. Ila siku giaboksi hii ikifa, mimi sitaifungua, maana sina vifaa vyake. Nitakachokusaidia ni kulisukuma gari hadi stesheni, lipande treni liende Dar."

Siku ya pili tukachukua lile la gia. Barabarani lilikwenda vizuri, mchangani likavuta bila kunuka chochote. Tulipofika ukingoni nikakanyaga klachi, nikaanza kuiachia polepole, na mguu ukatetemeka. Ukaniponyoka. Gari likaruka, likazimika, tela likaanza kurudi nyuma. Nilisikia watu wanapiga kelele. Nikavuta hendibreki kwa nguvu zote, na Tekla, aliyekuwa anatembea nyuma, akatupa gogo chini ya tairi. Likasimama. Hakuna aliyeumia. Rajabu ndiye aliyelipandisha, na kwake lilipanda bila shida yoyote.

Jumapili baada ya misa akina mama wakakutana, wakaniita. Nilikuwa nimefikiri sana nitasema nini. Nikasema yote kama yalivyokuwa: kwamba otomatiki ni zuri ukingoni na ni rahisi kwangu, lakini kwa matope yetu, na mafundi wake walivyo mbali nasi, litatuangusha. La gia likiharibika Rajabu atalitengeneza hapa hapa, betri ikifa tutalisukuma litawaka.

"Na wewe je?" Mama Kalista akauliza.

"Ukingo ule mguu wangu hauuwezi. Si mwaka huu."

Tekla akasema, "Nifundisheni mimi."

Wengine wakacheka. Mama mmoja akasema, "Mwanamke avute tela Kivukoni?"

"Injini ya mashine naiwasha kwa hendeli kila asubuhi," Tekla akamjibu. "Klachi ndiyo itanishinda?"

Wakanunua la gia.

Mama, nilirudi chumbani na moyo mzito. Nilitoa sanduku chini ya kitanda nikaanza kukunja nguo. Nilijiona nimejifukuza kazi kwa mdomo wangu mwenyewe. Mama Kalista akanikuta hivyo. Akalitazama sanduku, akaniuliza, "Sasa wewe ukiondoka, Tekla atafundishwa na nani? Rajabu anayetukana kila akishika spana?" Nikacheka bila kupenda. Nguo nikazirudisha msumarini.

Tukaanza kwenye uwanja wa mpira. Klachi aliishika upesi. Kilichomtoa machozi ni kurudisha tela nyuma, maana ukitaka tela liende kulia unakata usukani kushoto. Aliangusha goli moja la upande wa kanisani, vijana wakatudai miti mipya, tukawapelekea. Lakini hakuacha, na leseni ameshapata. Sasa mimi naendesha njia ya tambarare mpaka Kiberege, na mguu unapata nguvu kila wiki. Tukifika mtoni namwachia usukani.

Wiki iliyopita alipanda ukingo wa Kivukoni na tela kwa mara ya kwanza. Abiria wote wa pantoni walisimama kutazama. Mimi nilikuwa nyuma kwa miguu, gogo mkononi. Alishika hendibreki, akasikiliza injini, akaachia klachi kama nilivyomwonyesha, gari likanguruma, likapanda moja kwa moja bila kurudi hata kidogo. Kule juu bibi mmoja wa Kisukuma alikuwa anatusubiri na magunia yake ya mpunga. Akamtazama Tekla akishuka, akanigeukia mimi niliyekuja nachechemea.

"Dereva ni yule?"

"Ndiye, bibi."

"Na wewe?"

"Mimi ni mwalimu wake," nikasema. Sijawahi kujiita hivyo maishani mwangu, mama, na nililisema kwa sauti kubwa.

Wapo akina mama wengine wawili wanaotaka kujifunza. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi kwamba nitakosa la kufanya.

Nisalimie baba mdogo Yohana, mwambie shamba langu la kahawa alitumie tu, asiniulize. Shangazi Naomi anayeuza ndizi sokoni mpe shikamoo yangu, na mke wa kaka mpe pole ya kukuuguza. Anjela, asante kwa kusoma. Mkumbatie mama kwa niaba yangu kabla hujaikunja karatasi.

Ni mimi mwanao wa Ifakara,
Elisha