Mkono Kwenye Shavu la Mama

Kibosho,
14 Agosti 1999

Mpendwa dada Zita,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na shemeji na watoto, na kwamba homa ya Sirili imekwisha kabisa. Sisi huku hatujambo, ila baridi inatutesa. Wiki nzima mlima hatujauona. Ng'ombe amezaa dume. Kaburi la mama limeshasakafiwa kama ulivyoagiza.

Sasa nikueleze ya mdogo wetu Melkior, maana utayasikia kwa wengine yakiwa yamepakwa sukari.

Melkior amefanya maonyesho ya sanaa. Siyo zile picha za simba na Wamasai alizokuwa akiwauzia wapanda mlima. Hizo sasa anaziita kazi za mtu asiye na mawazo. Tangu arudi kwenye kozi yake ya Ulaya, ya miezi sita tu, yeye ni msanii wa kisasa, na mada yake ni upole. Alinieleza jikoni kwangu, miguu ameinyoosha hadi kwenye mafiga, kwamba wasanii wa dunia wamechoka na hasira, sasa wanachunguza jinsi binadamu anavyomgusa mwenzake. Nikamwambia kama anatafuta cha kugusa, majani ya ng'ombe yako kihambani kwenye migomba hayajakatwa. Akacheka, akaenda zake.

Jumamosi iliyopita nikashuka mjini, kwenye ukumbi wa hoteli moja. Kulikuwa na wazungu wa mashirika, mabwana wa haya makampuni mapya yanayonunua kahawa, na walimu wachache waliofuata sambusa. Katikati ya ukumbi, dada, nikaona beseni letu. Lile la bluu nililomwogeshea mama miaka mitatu! Limewekwa juu ya kitambaa cheupe, limejazwa maji ya uvuguvugu, na karatasi pembeni inawaomba wageni wachovye mikono na kumkumbuka mtu wanayempenda. Na watu wazima wakapanga foleni. Mama mmoja mwenye kilemba kikubwa alichovya vidole viwili, akafumba macho, akajifuta machozi. Mimi maji ya beseni lile nimeyamwaga migombani mara nne kwa siku, na kama niliwahi kufumba macho ilikuwa ni kwa sababu ya harufu.

Shuka za mama nazo zilitundikwa kwenye kamba, zimemulikwa taa kwa nyuma. Hata pasi hazikupigwa. Bwana mmoja wa gazeti alisema zinapumua.

Unajua vizuri kwamba Melkior amepanga chumba mtaa wa Majengo, si mbali na hapa, lakini katika miaka hiyo mitatu alikaa na mama siku tisa tu, zile za Pasaka ya mwaka huu. Basi walipomaliza kumsifu, mshereheshaji akauliza kama kuna mwanafamilia mwenye neno. Nikasimama. Nikasema msanii huyu alikaa kitandani kwa mama siku tisa, na siku zote tisa mikono yake ilishika penseli. Hakumgeuza mama hata mara moja. Upole wake ni wa mtu aliyekuja kutazama. Nilipokaa, wengine walipiga makofi, wakidhani nami ni sehemu ya maonyesho. Ndio watu wa sanaa hao.

Melkior alinishika kiwiko taratibu, akanipeleka ukuta wa nyuma ambao nilikuwa sijaufikia. Kulikuwa na picha kubwa iliyochorwa kwa mkaa. Mama amelala, na mkono wa mwanamke uko kwenye shavu lake. Kovu la mafuta ya moto lilikuwa pale pale lilipo kwenye mkono wangu. Kwenye karatasi ya chini wameandika "Upole". Yule mama wa kilemba alikuwa akimwambia mwenzake kwamba hajawahi kuona mkono mpole kama ule.

Melkior akaniambia kwa sauti ya chini, "Nilikuwa mlangoni, dada."

Dada Zita, ilikuwa Jumatano ya wiki kuu. Mama, tangu apooze, hakuwa na kauli tena. Nilimlisha mtori, akautema. Mara ya tatu akautema juu ya shuka niliyokuwa nimetoka kuitandika. Nikampiga kofi. Nilimpiga mama yetu kwa nguvu, kichwa kikageuka. Nilipoona alama za vidole vyangu nikaweka kiganja juu yake, naye akakiegemeza kichwa chote humo. Nilidhani Melkior yuko nje. Aliona yote mawili, akachora la pili.

Nikamuuliza kwa nini hakuchora kofi. Akasema alijaribu mara nyingi, lakini kila alipolichora alijiona yeye mwenyewe pale mlangoni, amesimama na penseli, hakuingia hata kunipokea bakuli. Miezi minne amekula matusi yangu na hajamwambia mtu.

Bado nasema beseni ni upuuzi, na shuka ni upuuzi. Lakini ile picha imeninyima usingizi. Amemchora mama kama mtu anayenisamehe. Mimi niliyekishika kile kichwa sijui kama alikuwa ananisamehe au shingo ilikuwa imechoka tu.

Nilimwambia aichukue aende nayo Dar kwenye maonyesho yajayo pamoja na nyingine, ila ile karatasi ya chini aiondoe. Aliibandua pale pale. Wageni wakaanza kumuuliza picha ina maana gani. Nikachukua kanga yangu nikaondoka, nikamwacha anatafuta maneno.

Wewe ndiye uliyeniachia mama mikononi. Sasa unajua mikono hiyo ilifanya nini. Sikuombi unisamehe kwa niaba yake, wala usinijibu haraka.

Wasalimie wote hapo nyumbani kwa majina yao. Ukiwasomea watoto barua hii, ishia kwenye habari ya ndama.

Mdogo wako,
Lukresia