Kokoto Isiyokuwamo Ndani ya Glavu

Shamba la mkonge, upande wa Tanga

Kwa mdogo wangu Issa, Baba Zuhura, hapo Chilangala, Newala.

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini mimi ndiye niliyetangulia kutoka tumboni mwa mama, kwa hiyo shikamoo yangu naichukua mwenyewe bila kungoja. U hali gani? Zuhura na mama yake hawajambo? Mikorosho imechanua? Na maji je, bado wanawake wanayafuata kule bondeni na kupanda nayo kilima, huku wewe na mikono yako yote miwili umekaa barazani? Mimi ni mzima. Goti la kushoto hunigombeza asubuhi, jioni linachoka kama mimi na kunyamaza. Kazi ni ile ile ya kunoa visu vya wakata mkonge, maana mgongo wangu ulishakataa kuinama shambani. Chakula ni unga wa posho na maharage yenye wadudu. Tunawashukuru wadudu, hapa nyama ni adimu.

Sasa nimekwisha kuzungukazunguka. Karatasi hii nimekaa nayo muda mrefu kwa sababu nakuonea aibu, na wewe unajua kwamba aibu mimi sikuizoea tangu utoto.

Dastani wa Masasi amefariki, hilo ulilisikia kabla yangu. Habari ilipotufikia hapa kambini, watu wote wa kutoka kwetu tulikaa matanga, ijapokuwa kaburi liko mbali. Na ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu enzi za babu zetu. Ningenyamaza, wangesema namchukia marehemu. Basi nikajifunga magunia mikononi yawe glavu, nikajilaza chini katikati ya njia ya waliaji, nikapiga kelele:

"Mnamlilia nani? Dastani hakuwa bondia! Alimpiga mdogo wangu Issa kwa kokoto! Aliiokota kwenye mawe ya Masasi akaificha ndani ya glavu!"

Mpwa wake marehemu akanivuta mguu. "Toka njiani, mzee mwizi wa mihogo! Mdogo wako alianguka kwa njaa, Newala hakuna chakula!"

"Mwite marehemu aje aape!"

"Mfuate wewe huko huko, ukamuulize!"

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Hata wanawake waliokuwa hawajala tangu asubuhi wakaomba uji. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na naisema bila kujisifu kwamba niliifanya vizuri. Ningeishia hapo, nisingekuwa na barua ya kukuandikia leo.

Lakini alikuwepo karani wa kambi, kijana wa kaskazini, mstaarabu sana, soksi mpaka magotini. Kwao msiba ni kulia tu, utani wetu haujui. Ndiye aliyeandika barua ya rambirambi kwa niaba yetu sote. Akanijia kwenye jiwe langu la kunolea, kalamu mkononi.

"Mzee Athumani, wewe ulikuwepo walipopigana?"

"Nilikuwepo Nachingwea, mstari wa mbele, wakati wa kazi ya karanga, ule mradi wa Wazungu."

"Na hilo la kokoto ni kweli?"

Issa, hapo ndipo nilipoharibu. Matanga yalikuwa yamekwisha, magunia nimeyavua. Ilikuwa niseme, mwanangu, ule ulikuwa utani, usiuandike. Badala yake nikamkonyeza, nikamwambia, "Muulize aliyepigwa." Nikaendelea kunoa. Kwa nini? Kwa sababu vijana wa hapa kila Jumamosi wanabishana nani alikuwa bondia mkubwa kuliko wote waliotoka kwetu, wewe au Dastani, na mara nyingi wewe unashindwa. Nikaona kokoto moja ndogo itakuinua kidogo. Haikunigharimu kitu.

Karani akaandika kwa mwandiko mzuri, kwamba marehemu tunamkumbuka, kwamba Mungu amlaze pema, na kwamba Mzee Athumani, aliyeshuhudia kwa macho yake, ameeleza habari ya kokoto.

Barua ikafika Masasi. Juzi amekuja hapa mtu mpya wa kutoka huko, akatusimulia. Anasema barua ilisomwa nyumbani kwa marehemu mbele ya watu waliotoka kanisani, mwalimu wa dini ndiye msomaji, na alipofika penye kokoto alikuwa ameshaanza sentensi, akashindwa kurudi nyuma. Mjane, Mama Agnesi, akainuka. Glavu za mumewe zilikuwa zimetundikwa ukutani. Alizishusha, akachukua kisu cha jikoni, akazipasua zote mbili mbele yao. Zikatoka nywele za farasi na matambara. Akayachambua moja moja juu ya mkeka, akitafuta. Hamkuwa na kitu. Ndipo mjinga mmoja nyuma akasema, "Aa, kokoto yenyewe si angekuwa ameshaitoa?"

Utani wa kwetu unatoka mdomoni unakufa hapo hapo. Mimi nimeuachia wangu uende Masasi kwa posta.

Na mtu huyo ananiambia huko Newala mnashangilia. Ati vijana wanakuita bingwa, ati umeporwa miaka yote hii. Nikamuuliza, "Issa mwenyewe anasemaje?" Akanijibu, "Anatabasamu tu, mzee." Nalijua tabasamu hilo. Ndilo lile ulilokuwa nalo mama alipomchapa mbuzi kwa mboga uliyokula wewe.

Sasa nisikilize, na usiiruke mistari. Nimewapima nyote wawili bila utani. Mkono wako wa kulia sijauona tena popote. Nakumbuka yule askari wa Songea uliyempiga mara moja tu, refa akamaliza kuhesabu, akahesabu tena kwa huruma. Watu walikuja kwa miguu kukuangalia. Dastani hakuna aliyekuja kumwangalia kwa furaha. Miguu myembamba, anarudi nyuma, anarudi nyuma, mtu anatamani kumrushia ganda la muhogo. Lakini siku ile mlipokutana ulimkosa raundi tatu mfululizo, na ya nne ukakaa chini taratibu kama mtu aliyekumbuka kitu. Ukainuka ukisingizia muhogo wa mchana. Mimi nilikula sahani ile ile, Issa. Ulikuwa muhogo mzuri.

Kisha karanga zikaisha, kila mtu akarudi kwao. Wewe ukapanda mikorosho na kusimulia. Yeye akasafisha uwanja mdogo mbele ya nyumba yake, akafundisha watoto wa misheni na wa msikitini, yeyote aliyekuja. Hapa kambini wapo wawili waliopita mikononi mwake. Sikuhitaji kuambiwa, nilitazama miguu yao tu. Wewe mkono wako wa kulia hukumwachia mtu, utazikwa nao. Ndiyo maana nasema, na inaniuma kuisema kwa ndugu wa tumbo moja: mwenye nguvu ulikuwa wewe, mkubwa alikuwa yeye.

Kokoto ilikuwamo au haikuwamo, uso wako unajua. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, lakini uliopigwa ni uso wako, na Mama Agnesi amesema kwamba hatasikiliza mwingine ila wewe. Baada ya mavuno watasimika msalaba kaburini, na watu watakuwa wengi. Panda lori la korosho ushuke Masasi. Simama mbele yao, useme alikupiga kwa mkono mtupu, tena kwa haki. Usiutaje muhogo. Najua nakuomba uuvue ubingwa niliokuvika mimi mwenyewe kwa upumbavu wangu, na utashuka huko bingwa, utarudi Chilangala huku vijana wakikucheka. Wakicheka, waambie ni kosa la kaka yako.

Ningeenda mwenyewe. Nimemwomba nyapara aniruhusu, amesema mkataba kwanza. Na hata nikifika, nani atanisadiki? Mtani akisema kweli watu hungoja aanze kucheka. Barua hii usiipeleke kwa mjane wala usimpe mwalimu wa dini aisome. Kwa karatasi nimeshafanya ya kutosha. Nenda na mdomo.

Nisalimie shangazi aliyetulea, mwambie bado naikumbuka fimbo yake. Nisalimie shemeji yetu fundi cherehani, na jirani anayekutunzia mbuzi, na imamu, ambaye ataniombea hata kama hapendi. Zuhura mbusu kichwani.

Mama Agnesi usimpe salamu yangu yoyote. Kwanza sema yako. Akikuuliza mimi niko wapi, mwambie niko Tanga, nanoa visu, na sijacheka tangu nisikie.

Ni mimi kaka yako mwenye kosa,
Athumani