Miche Iliyolazwa na Njaa

Jumatatu, 3 Machi

Salaam, daftari. Hujambo? Mimi mzima wa kutembea, si wa kuruka — magoti. Alhamdulillahi.

Leo tumeanza kazi mpya kwenye banda la kioo hapa chuoni. Ni ya yule binti, mwanafunzi wetu mkubwa anayefanya utafiti, tunamwita Miwani. Miche ya nyanya, lakini udongo hakuna hata chembe! Kila mche umekalia mdomo wa mtungi, umeshikwa na sponji, mizizi inaning'inia majini. Mitungi tumeivika karatasi ya fedha ili mwanga usiingie, maji yasiote ukijani. Pampu inapuliza hewa — bwabwabwa kutwa nzima. Kichwa kinaniuma.

Mitungi ya "Kamili" ina chakula chote. Mingine, kila mmoja umenyimwa kitu: huu chuma, ule kalsiamu, ule naitrojeni. Makusudi! Miwani anataka kuona kila njaa inajionyeshaje kwenye jani. Anasema mkulima akizijua sura hizo hatatupa mbolea ovyo. Kazi yangu ni kuongeza maji yanapopungua. Si ya bomba — hayo haramu kabisa. Ni yale yaliyochemshwa yakawa mvuke yakarudi kuwa maji, hayana kitu ndani; yako kwenye dumu jeupe.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayefagia banda. Mimi ndiye niliyemwombea kazi. Alisimama na ufagio wake: "Kwa hiyo mnafuga njaa, wifi?" Nimecheka mpaka nikashika kiuno.

Alhamisi, 13 Machi

Njaa imeanza kusema. Mche usio na chuma: majani machanga ya juu manjano, mishipa tu ndiyo kijani. Usio na naitrojeni umeanzia chini — majani mazee yanapauka, yanawaachia wadogo wao chakula. Usio na kalsiamu ncha imekauka, nyeusi. Miwani anapiga picha huku anashangilia!

Wifi safari hii hakucheka. Kasema yeye alilea wanne kaka akiwa hana kazi, sura ya aliyelala na njaa anaijua, haimhitaji mpiga picha.

Nimechoka. Ndoo zimenimaliza mabega. Nimesali nimekaa.

Jumatatu, 17 Machi

Mgongo! Sikwenda kazini. Wifi kasema atanishikia kazi mpaka nipate nafuu. Nimemwelekeza kwa simu: maji ya dumu jeupe tu. Akasema, "Lala wewe. Mimi na ndoo hatukuanza kujuana leo."

Ijumaa, 21 Machi

Nimerudi nimekuta makubwa. Mche usio na chuma umetoa majani mapya, kijani kibichi! Usio na kalsiamu umechipua ubavuni. Usio na naitrojeni umejinyanyua. Miwani anageuza mtungi, anasoma kibandiko, anageuza tena.

Profesa anayemsimamia akaja. Akamwambia mbele yetu sote: "Binti, hata kupima chumvi za mbolea kwenye mizani hujui?" Muda wa kurudia hakuna, ufadhili unakwisha na muhula. Jumanne ataamua kama binti anaendelea au anatolewa.

Alikwenda kujifungia stoo. Nikampelekea maji ya kunywa. Anasema alipima mara mbili mbili. "Shangazi, sasa najitilia shaka mwenyewe." Machozi yanashuka chini ya miwani, hata kuifuta hajali.

Mimi najua hakukosea. Kwa sababu wifi, muda wote Profesa akifoka, alikuwa anafagia pale pale palipokwisha kufagiwa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimemfuata wifi kwake. Kaka amelala, mguu ulioumia bado haujapona, jua lote liko nje na yeye ndani. Tukakaa jikoni. Wifi anamenya viazi. Sikuzunguka mbuyu, nikamuuliza: ulitia nini kwenye mitungi?

Hakukataa! Alikuwa anachota kikombe kwenye pipa la maji ya Kamili, yale yenye chakula chote, anamgawia kila mwenye njaa. Kila siku niliyokuwa sipo. "Kidogo tu, wifi. Inakufa, na chakula kimejaa pembeni! Wewe ungeweza kupita tu?"

Ningeweza. Nimepita wiki mbili nzima.

Nikamweleza kwamba binti wa watu atafukuzwa kwa kikombe hicho. Kisu kikasimama kwenye kiazi. Kisha akasema, taratibu, ili kaka asisikie: "Na nikifukuzwa mimi, kaka yako atakula miwani?"

Nilitaka kucheka. Sikuweza. Nyumba nzima inakula kwa ufagio ule.

Nilipoinuka akasema dumu jeupe nilimwonyesha, lakini sababu sikumwambia. Kweli.

Jumapili, 23 Machi

Nimekaa juu ya msala. Nimwombee nani kwanza? Nikimtaja binti, namwona kaka na mguu wake. Nikimtaja kaka, nasikia "Shangazi". Ee Mola, Wewe wajua, mimi nimechoka kujua.

Jumatatu, 24 Machi

Wifi hakuja kazini. Simu inaita tu. Banda nimelifagia mwenyewe, mgongo unanisuta kila ufagio unapogusa sakafu.

Miwani kaanza kumwaga mitungi. Mmoja mmoja, kama anaosha vyombo vya msibani. Mara akasimama: "Shangazi, wiki ile ulipoumwa, nani alishika maji?"

Pampu, bwabwabwa. Nikasema kesho nitamweleza. Akaniangalia sana. Akarudi kumwaga mitungi — afadhali angeuliza tena!

Kesho saa tatu Profesa anatuita sote watatu wa bandani: Miwani, mimi na wifi. Nimemwandikia wifi kwenye simu. Nanakili hapa, nisije baadaye nikajidai nilisema maneno mazuri zaidi:

"Wifi, sijakuchongea kwa mtu. Kesho saa moja nitakupitia, twende pamoja. Useme wewe mwenyewe. Nami nitasema kazi ile nilikuachia mimi bila kukueleza maana yake. Wakitufukuza, watufukuze sote wawili, tutajua pa kushika. Lakini nikiulizwa sitadanganya, wifi. Siwezi, na wewe unajua siwezi. Kaka mwambie ale vizuri. Tafadhali, ukiusoma tu ujumbe huu, nijibu mapema."