Sadaka Iliyonirudia

Jumatano, 4 Juni 2025
Ng'ombe amezaa alfajiri. Ndama jike, mzima, anasimama kama mlevi. Nilikuwa peke yangu zizini, mikono imejaa damu, nikasema asante. Kwa sauti! Kisha nikashtuka — kwa nani? Mume wangu, Njoka, yuko kaburini mwaka wa sita sasa. Munene yuko kazini Meru, na asubuhi hashiki simu ya mama yake. Ng'ombe mwenyewe alikuwa anamlamba mtoto wake, hana haja na mimi.
Siku nzima hiyo asante imenikaa kooni.

Ijumaa, 6 Juni
Foleni ndefu kwenye kituo cha kupimia majani chai. Wenzangu wanapanga mambo ya Jumapili, nani ataimba, nani atapika. Mimi nimesimama na kikapu changu. Hawanichukii. Wamenizoea hivyo tu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.
Njoka alipougua niliacha kanisa letu la hapa Kibugu, nikamfuata nabii mmoja kule Nkubu, wa hema na spika kubwa. Akaniambia mume wangu hafi. Akafa. Nikatoka hemani pia, na tangu hapo sijaomba popote. Nilimkasirikia Mungu. Bado nimemkasirikia kidogo. Lakini nina hamu naye — basi, nimeandika.

Jumamosi, 7 Juni
Nimechimba nduma, yale magimbi ya kule mtoni. Kubwa, safi. Kesho nazipeleka kanisani. Mkono mtupu siingii.

Jumapili, 8 Juni
Aibu! Sirudi tena.
Nilikaa benchi la nyuma. Baada ya ibada, sadaka za shamba zikanadiwa nje kama zamani — mayai, ndizi, kabichi. Zikafika nduma zangu. Mzee Kithaka akaziinua, akataja jina langu. Kimya. Watu wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwishowe Ednah, jirani yangu wa ng'ambo ya ua, akainua mkono. Nikapumua. Halafu akasema:
"Nimenunua. Mpatie Mama Munene, arudi nazo nyumbani."
Na watu wakapiga makofi! Nimempelekea Mungu nduma, nimeambiwa nizibebe nirudi nazo. Nikaziacha pale chini, nikakata katikati ya michai bila kuaga mtu. Nimelia mpaka nikajichukia.

Jumanne, 10 Juni
Mvua. Baridi. Nimeongea na ndama tu.

Alhamisi, 12 Juni
Ednah yuko jikoni kwangu! Na Lenah, na Karimi, wote wa kanisani. Wamekuja na nduma zile zile, wamezichemsha, na chai kwenye thamosi. Nilitaka kuwafungia lango. Ednah akauliza kwa nini nilikimbia, nikamwambia wazi kwamba walinirudishia sadaka yangu. Akabaki ameshika kiuno.
Kumbe siku hizi mnada wao uko hivyo. Ukinunuliwa kitu ukapewa, waliokupa wanakuja kwako mle pamoja. Ilianza nikiwa kwa nabii, na hakuna aliyekumbuka kwamba mimi sijui. Na kile kimya? Walikuwa wanamwachia Ednah, kwa sababu ndiye jirani.
"Tumetafuta njia ya kuingia hapa kwako miaka yote hii, Mama Munene," akasema. "Ulikuwa umefunga kila mahali."
Ni kweli.
Nimeingia chumbani eti natafuta vikombe. Vikombe viko jikoni, wanaviona. Naandika nimesimama. Shida ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayeombea chakula. Nimejaribu kimoyomoyo hapa, neno la kwanza halitoki. Karimi alikuwa anacheka, sasa namsikia akipanga vikombe. Ednah anasema kupitia pazia kwamba nduma zinapoa, na hakuna atakayegusa kabla mimi sijaomba.