Bei ya Mreno

Jumanne usiku

Na eti mimi ndiye ninayejisifu kuwajua watu. Hapa mtaani La Rochelle, walikojaa Wareno, mimi na Mama Furaha, fundi cherehani mwenzangu, tuna bei mbili. Mreno tunampandishia, maana Wareno wana bekari. Mkuba tunampunguzia, maana wazazi wake walikuja na udaktari na mkataba wa serikali tu, mali hawakuwa nayo.

Leo Yamila, binti wa Mkuba, kapunguziwa, kaondoka kwa gari lake jipya. Kisha Dona Lurdes, Mreno, kaleta gauni la harusi ya mjukuu libanwe kiuno. Nikamtajia bei yao.

"Bekari tuliiuza, fundi. Nyumba nimepangisha, nalala chumba cha uani."

Mama Furaha akaninong'oneza, "Tajiri umempunguzia, maskini umempandishia. Wewe ni serikali."

Nikacheka. Dona akadhani namcheka yeye. Kabla sijashusha bei alishakunja gauni lake, akaniomba radhi kwa kunipotezea muda.