Kisima cha Zizini

Pretoria, 4 Agosti 2024

Shikamoo mama. Hamjambo huko Tlawi? Modest, yatima wa dada Zita, anaendeleaje na maziwa ya kopo? Maji yake uchemshe sana.

Mimi mzima, ila nimechoka. Uliuliza kazi yangu hapa chuoni. Samadi ikizidi ardhini huacha majini kitu kinachoitwa naitreti, hakionekani, hakinuki. Natengeneza kichocheo, unga mweusi wa oksaidi za madini, jina lake perovskaiti. Ukipitishiwa umeme majini, hugeuza naitreti kuwa amonia, yaani mbolea tena. Wangu asubuhi unachapa kazi, jioni umekufa. Nimetoa kobalti nikaweka chuma, wapi!

Mwanao, Imakulata

Tlawi, 19 Agosti

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma kwenye simu. Sisi tupo, tunasukuma siku. Chemchemi imekauka, sasa nachota kisima cha zizini. Nachemsha mpaka inabaki nusu sufuria, kama ulivyosema. Lakini Modest midomo imekuwa ya bluu, na kucha. Homa hana. Mjomba wako Yoakimu anasema ni baridi, nimemwongezea blanketi.

Mama yako

Pretoria, 19 Agosti

Mama, si baridi! Ni naitreti ya kisima hicho, inazuia damu ya mtoto kubeba hewa. Kuchemsha hakuitoi, maji yanapungua, yenyewe inabaki na kukolea. Usimpe tena. Pandeni basi la Haydom, hospitalini, leo hii. Nakupigia, hupatikani.

Imakulata

Pretoria, 23 Agosti

Mama, nijibu hata neno moja. Naogopa. Kama mtoto yu hai, naacha masomo nije nimlee mwenyewe. Unga huu umenishinda.

Mwanao

Haydom, 26 Agosti

Mwanangu, nisamehe kwa kukutesa. Simu iliisha chaji, barua zako nimezisomea wodini nilipoichaji. Alipokataa chupa nilimfunga mgongoni nikaja. Wamemchoma dawa, nayo ya bluu! Mtoto wa bluu, dawa ya bluu. Nilicheka huku nalia. Amepona, ananivuta kilemba.

Nilimnywesha sumu kwa mikono yangu, na inaniuma. Tukirudi nitachota bomba la kanisani, ingawa kilima kile kinanimaliza magoti.

Usije. Tlawi nzima ng'ombe wanalala jirani na kisima, na hakuna atakayehamisha ng'ombe wake kwa maneno ya bibi kizee. Maji hayo yanausubiri unga wako. Mtoto nitamlea mimi. Wewe umechoka na unga, mimi nimechoka na ndoo. Basi tuchoke hivyo hivyo, mwanangu, kila mtu kwake.

Mama yako